Mrija usiojua kuaga: Safari ya stenti ya figo, kutoka kukaa hadi kuyeyuka

Mwaka 1991 madaktari wa Riyadh, Saudi Arabia, wakiongozwa na El-Faqih, walichapisha hesabu ya mirija ya plastiki waliyoitoa kwenye njia za mkojo za wagonjwa wao wa vijiwe vya figo. Katika mirija iliyotolewa kabla ya wiki 6 kutimia, asilimia 9.2 ilikuwa imeshikwa na ukoko. Iliyokaa kati ya wiki 6 na 12, asilimia 47.5. Iliyopitiliza wiki 12, asilimia 76.3. Mrija uliowekwa ili mkojo upite, ukiachwa humo kwa zaidi ya miezi mitatu, huelekea kugeuka jiwe wenyewe.

Nauita ukoko kwa sababu ndivyo ulivyo. Aliyechemsha maji ya kisima cha chumvi kwa miaka anaujua ule mgando mweupe unaoshika ndani ya birika hadi mdomo wake unakuwa mwembamba. Mkojo nao una chumvi zake, na chumvi hizo hutafuta mahali pa kushika. Ukuta hai wa mwili huzikataa. Plastiki haina uwezo huo.

Historia ya kifaa hiki inaanza na haja moja rahisi. Kati ya figo na kibofu kuna mrija mwembamba wa nyama uitwao ureta. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hadi 30, na upana wake wa ndani ni milimita chache tu. Mkojo hauporomoki humo kama maji ya mvua kwenye bomba la paa. Ureta hujiminya kwa mawimbi, kama koo linavyosukuma tonge, na kwa hiyo hata aliyelala chali au aliyesimama kichwa chini mkojo wake hufika kibofuni. Njia hiyo ikizibwa, mkojo hurudi nyuma, figo hujaa na kutanuka, na likiachwa hivyo kwa muda figo hilo hufa polepole.

Vizibo ni vingi. Kipo kijiwe kilichonasa njiani. Upo uvimbe wa saratani ya shingo ya kizazi unaoibana ureta kutoka nje. Na lipo kovu la kichocho, ambalo sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kulisahau: mayai ya mdudu Schistosoma haematobium hukwama kwenye ukuta wa kibofu na ureta, mwili hupigana nayo, na mahali pa vita hubaki kovu gumu linaloifinya njia. Watu wengi wa Unguja, Pemba, mwambao wa bara na vijiji vya madimbwi kusini mwa Ziwa Victoria wanakijua kichocho kwa ile damu ya mwisho wa mkojo. Wachache wanajua kwamba mdudu huyohuyo anaweza kuliua figo kimya kimya, bila damu na bila kelele, kwa kuifunga ureta.

Dawa ya kwanza ya kizibo ni kupitisha mrija mwingine ndani ya ureta. Wazo ni jepesi, ila njia ya kuufikisha mrija huo ilichukua karne nzima kupatikana.

Hata jina lenyewe la mrija huo, stenti, lilitoka mbali. Charles Stent alikuwa daktari wa meno jijini London. Mwaka 1856 aliboresha utomvu wa gutta-percha, uliotumika kuchukulia umbo la fizi na meno, ili usisinyae wala kupinda unapopoa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mpasuaji Mholanzi Johannes Esser aliutumia mchanganyiko huo wa Stent kushikilia ngozi iliyopandikizwa kwenye nyuso za askari waliojeruhiwa. Tangu hapo, kitu chochote cha kushikilia nyama ya mwili mahali pake kikaanza kuitwa kwa jina la daktari yule wa meno. Stent alifariki mwaka 1885, na katika kazi yake ya meno hakuwa na habari na ureta ya mtu.

Waliokuwa na habari nayo walikuwa Berlin, Vienna na Paris. Mwaka 1877 Max Nitze, Mjerumani, alionyesha chombo cha kutazamia ndani ya kibofu, na miaka miwili baadaye, akishirikiana na fundi Joseph Leiter wa Vienna, akakileta kilichoboreshwa. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuyaona matundu mawili madogo ambako ureta humimina mkojo kibofuni. Lakini kuliona tundu si sawa na kuingiza kitu ndani yake. Kazi hiyo ilirahisishwa na Joaquín Albarrán, mzaliwa wa Sagua la Grande nchini Cuba, aliyefanya kazi katika hospitali ya Necker jijini Paris. Mwaka 1897 alibuni kijiwiko kidogo kwenye ncha ya chombo, kama kidole kinachoinuka, cha kuuelekeza mrija uingie tunduni. Hadi leo wanafunzi wa upasuaji wa njia ya mkojo hufundishwa jina la kijiwiko hicho, na jina hilo ni lake.

Mirija ya zama hizo ilikuwa ya kitambaa kilichofumwa na kupakwa vanishi. Ilifaa kwa saa chache au siku kadhaa, huku ncha yake ikining'inia nje ya mwili. Plastiki ilipokuja baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wakapata matumaini mapya. Mwaka 1949 Herdman aliripoti majaribio ya mirija ya polithini ndani ya ureta, na mwaka 1952 Tulloch akaitumia kwa wagonjwa wa kutengenezewa ureta na kuzibiwa fistula. Lakini polithini ilikuwa ngumu, ilivunjika, na ukoko uliishika upesi.

Mwaka 1967 ndipo Paul Zimskind na wenzake huko Marekani walipoeleza jambo tunaloweza kuliita mwanzo wa stenti ya leo. Waliweka mrija wa silikoni ndani ya ureta kwa kupitia kibofu, bila kumpasua mgonjwa, wakauacha humo kwa muda mrefu. Silikoni ni laini, mwili huivumilia, na ukoko huchelewa kuishika. Ila mrija wenyewe ulikuwa umenyooka na laini pande zote, na ureta kazi yake ni kusukuma. Basi ikausukuma. Mirija mingine ilishuka kibofuni, mingine ikapanda figoni.

Kwa hiyo miaka kumi iliyofuata ilikuwa ya kuufundisha mrija kukaa. Robert Gibbons, katikati ya miaka ya 1970, aliupa vimiba vya pembeni, kama vya mshale, visiuache uteleze. Vilishika, lakini viliunenepesha mrija na kufanya kuuingiza kuwe taabu. Kisha mwaka 1978 jibu likaja mara mbili kwa mpigo. Thomas Hepperlen na wenzake walieleza mrija ambao ncha yake hujikunja kama mkia wa nguruwe mara unapotolewa waya wa kuunyooshea. Mwaka huohuo Roy Finney akaeleza mrija wenye kulabu mbili, moja figoni na moja kibofuni, kila moja na umbo la herufi J. Waya ukiwa ndani, mrija hunyooka kama fimbo. Waya ukitoka, ncha zote mbili hujikunja na kushika. Ureta isukume itakavyo, mrija hauendi kokote.

Wauguzi na madaktari wetu huuita "DJ" kwa sababu ya herufi hizo mbili. Umbo alilolitoa Finney halijabadilika sana kwa zaidi ya miaka 40. Plastiki zimebadilika, kutoka silikoni hadi poliuritani na michanganyiko ya baadaye, lakini mtu akikuonyesha stenti ya 1978 na ya leo, utajua ni ndugu. Kwangu mimi hii ni kazi ya kustahili heshima kubwa. Kifaa cha bei nafuu, kinachowekwa kwa dakika chache bila kovu, kimeokoa figo zisizohesabika.

Sasa tuje kwenye deni.

Waswahili tuna adabu yetu kuhusu mgeni: siku mbili anakirimiwa, ya tatu anapewa jembe. Mrija wa Finney ni mgeni aliyefundishwa kukaa kwa ufundi mkubwa, na hakuna aliyemfundisha kuondoka. Kulabu ya chini hulala juu ya sehemu nyeti kuliko zote kibofuni, ile pembetatu iliyo karibu na mlango wa mkojo, na kuisugua mchana na usiku. Mgonjwa huhisi haja kila mara, huamka usiku, huona damu. Na kwa kuwa mrija unauacha wazi mlango wa ureta, ambao kwa kawaida hujifunga, mtu anapokojoa mkojo hupanda kurudi figoni, naye hushikwa na maumivu ubavuni wakati uleule ambao angepaswa kupata nafuu. Mwaka 2003 Joshi na wenzake, waliofanya kazi Bristol, Uingereza, walitengeneza dodoso maalumu la kupima mateso haya, na wakakuta kwamba yaliyagusa maisha ya kila siku ya takribani wagonjwa 80 kati ya kila 100. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyelalamika aliambiwa avumilie, maana figo limepona. Kumuuliza mtu maswali na kuandika majibu yake kulileta haki ambayo picha ya eksirei haikuweza kuileta.

Halafu kuna kusahaulika. Mgonjwa hupona, maumivu ya kijiwe huisha, nauli ya kurudi hospitali ya rufaa ni kubwa, kadi hupotea. Mrija hubaki mwaka, miaka miwili, zaidi. Kinachotokea ndani kinaeleweka vizuri. Ndani ya muda mfupi protini za mkojo hutanda juu ya plastiki. Bakteria hupata pa kushika, na hujijengea utando wao ambao dawa haiupenyi kirahisi. Baadhi yao, hasa Proteus mirabilis, huivunja urea ya mkojo na kutoa amonia. Mkojo hupoteza uchachu wake, na chumvi za magnesiamu, fosfati na chokaa huganda. Mrija uliosahaulika unaweza kufungiwa ndani ya jiwe ncha zote mbili, na hapo kuutoa si kazi ya dakika tano tena. Wengine huhitaji upasuaji zaidi ya mmoja, na wengine hupoteza figo lilelile ambalo mrija uliwekwa kuliokoa.

Kwa tatizo hili wanasayansi walikuwa na fikra mbili: kuupaka mrija usishikwe na kitu, au kuutengeneza uyeyuke wenyewe. Walianza kwa kuupaka. Walijaribu tabaka la jeli linalonyonya maji ili uteleze, na walijaribu fedha, maana madini hayo huua vijidudu. Katika London ya Kanada, timu iliyokuwa na Cadieux, Chew na Denstedt ilijaribu trikilosani, kemikali iliyokuwa ikitiwa kwenye sabuni na dawa za meno. Kwa sungura ilifanya vizuri dhidi ya Proteus. Kwa watu wenye stenti za muda mrefu, bakteria hawakupungua kama ilivyotarajiwa, ingawa matumizi ya antibiotiki yalipungua. Wengine walitia dawa ya maumivu ndani ya plastiki. Wengine wakapaka heparini, dawa tunayoijua kwa kuzuia damu isigande. Molekuli zake zina chaji hasi nyingi, na chaji hiyo husaidia kuvizuia vitu visishike.

Kila utando ulipata sifa kwa muda, na kila mmoja ulikutana na tatizo lilelile. Protini za mkojo hazichagui. Huutandia hata utando uliopakwa dawa, na dawa ikishafunikwa ni kama haipo. Upake ukuta rangi nzuri utakavyo; vumbi likiushika, wa baadaye watashika vumbi.

Hapo ndipo fikra ya pili inapoonyesha nguvu yake. Uso unaojivua kama nyoka anavyojivua gamba haumpi mgeni mahali pa kudumu. Mrija unaoyeyuka hutupilia mbali ukoko pamoja na ngozi yake, na mwishowe huondoka wote, bila kadi, bila nauli, bila kuingiziwa chombo tena.

Nyuzi zinazoyeyuka zilikuwa tayari mikononi mwa wapasuaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyuzi za asidi ya poliglikoliki ziliingia hospitalini kuchukua nafasi ya zile za utumbo wa kondoo. Maji ya mwili huikata minyororo yake taratibu hadi inaisha. Miaka ya 1990 Wafini, akiwemo Lumiaho, walitengeneza stenti kwa polima za ukoo huohuo na kuzijaribu kwa mbwa. Wakati huohuo Wajerumani Schlick na Planz walikuja na wazo ambalo mimi bado nalipenda kuliko yote: plastiki inayodumu katika mkojo wenye uchachu, na kuyeyuka mkojo ukiondolewa uchachu huo. Daktari angempa mgonjwa vidonge siku anayotaka mrija uondoke. Walifanikiwa kwenye vyombo vya maabara. Lakini Proteus naye huuondoa mkojo uchachu bila kumwuliza daktari, na mrija wa namna hiyo ungeweza kuanguka kabla ya siku yake.

Jaribio kubwa la kwanza kwa binadamu lilifanyika Marekani. Mrija wake ulitokana na alijinati, kitu cha utelezi kitokacho kwenye mwani. Si mwani ule wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja, ambao hutoa karajinani. Huu ni wa kahawia. Mrija ulikusudiwa kufanya kazi kwa saa 48, kisha uvunjike na kutoka na mkojo. Lingeman na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2003. Katika wagonjwa 88, karibu wanne kati ya kila watano walipata kile kilichoahidiwa. Lakini watatu walibakiwa na vipande kwa zaidi ya miezi mitatu, vikahitaji kuvunjwa kama vijiwe. Kifaa kilichobuniwa kumwepusha mgonjwa na kurudi hospitali kiliwarudisha watatu hospitali, na mrija huo haukushika soko.

Nadhani somo lile lilikuwa zito na la lazima. Kuyeyuka si jambo moja. Kuna kuyeyuka kama chumvi, na kuna kuvunjika kama kigae. Mrija ukikatika katikati, kipande chake ni kizibo kipya katika njia ya milimita tatu.

Vancouver, Ben Chew na Dirk Lange walilishika swali hilo kwa nguruwe, ambaye ureta yake inafanana vya kutosha na ya mtu. Toleo la awali la stenti yao lilichukua hadi wiki 10 kuisha. Matoleo yaliyofuata yalishuka hadi takribani wiki 4, na yalitengenezwa yaanze kuyeyuka kutoka upande wa kibofu kupanda juu, ili kisikatike kipande cha juu na kunasa njiani. Nchini Ureno, Alexandre Barros na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minho walichanganya jelatini na alijinati, na kuukausha mrija kwa hewa ya ukaa iliyoshindiliwa. Ndani ya nguruwe uliisha kwa takribani siku 10.

Cáceres, magharibi mwa Hispania, fikra zote mbili zilikutana. Federico Soria na wenzake katika Kituo cha Jesús Usón walisuka stenti ya nyuzi zinazoyeyuka, wakaipaka heparini, na wakaikata fupi isifike kibofuni kabisa. Hoja yao ya tatu ndiyo iliyonivutia: kama kulabu ya kibofu ndiyo inayosugua na kuuacha mlango wazi, kwa nini iwepo? Matokeo ya nguruwe waliyoyachapisha mwaka 2021 yalionyesha kwamba mkojo haukurudi figoni, na stenti iliyeyuka kwa utaratibu hadi kufikia wiki ya 6 bila vipande vya kuziba. Kwa uaminifu walieleza pia kilichoshindikana: heparini haikuwazuia bakteria. Timu hiyohiyo imeendelea na aina nyingine, ya nyuzi zilizopakwa protini ya hariri iliyobeba dawa ya saratani, kwa wagonjwa wa uvimbe wa njia ya juu ya mkojo.

Wiki 6 si namba ya kubahatisha. Ndio muda ambao mara nyingi mpasuaji huuacha mrija baada ya kuitengeneza ureta iliyofinywa. Ninapowaza mgonjwa wa kovu la kichocho kutoka kijiji cha mbali, aliyeshonwa ureta katika hospitali ya rufaa na kurudi kwao, stenti ya namna hii ndiyo ningemtakia. Mwenye kijiwe anahitaji siku chache tu. Mwenye saratani inayobana anahitaji miezi mingi ya mrija usioyeyuka na unaobadilishwa kwa ratiba, na kwake kuyeyuka ni hatari. Mrija mmoja wa wote haupo, na anayeahidi huo nisingemwamini.

Hadi ninapoandika haya, mrija unaoyeyuka haujachukua nafasi ya ule wa plastiki katika hospitali za kawaida, si Ulaya wala kwetu. Anayewekewa stenti leo Moshi, Mombasa au Kampala kwa kawaida anawekewa mjukuu wa ile ya Finney, na mjukuu huyo hatoki mwenyewe. Kwa hiyo, msomaji, ukiwekewa mrija huo, au akiwekewa mzazi wako, usitoke wodini kabla hujaambiwa tarehe ya kuutoa. Iandike kwenye simu, mwambie na mtu mwingine wa nyumbani. Na siku hiyo ikifika, hata kama huumwi popote, nenda.